Katibu Aliyeonja Herufi

Twaanza kwa jina la Mola aliyeziumba ndimi nyingi wala asizitoze ushuru, aliyemjulisha chungu njia ya sukari na kipofu njia ya msikiti. Sala na salamu zimfikie Mtume wake, na ahali zake, na sahaba zake, na kila aliyesema neno jema akalitimiza. Ama baada ya hayo, hii ni khabari ya nchi moja isiyomo katika ramani yoyote tuijuayo, na atakayedhani ameiona dirishani mwake, basi afunge dirisha na aombe maghufira.

Nchi hiyo haina jina. Lau ingepewa jina, jina hilo lingekuwa la lugha moja kati ya mbili zisemwazo humo, nayo lugha ya pili ingenuna. Kwa hiyo katika nyaraka za serikali huandikwa nembo tupu, duara lisilo na kitu ndani, na raia wakiimba wimbo wa taifa huuvumisha kwa pua, midomo ikiwa imefumbwa.

Na kwa kuwa kisa kisichopangwa watu wake ni kama sala ya jamaa isiyonyooshwa safu, tuwanyooshe kwanza. Mbele asimame Bwana Ngwali, Katibu wa Mizani ya Lugha, mzee aliyefiwa na mke, mwenye ndevu nyeupe na moyo usiotaka ugomvi. Kuliani kwake asimame Bwana Shaweji, Shahidi wa Kisumbe, mtu wa udhu usiokatika na leso isiyochafuka. Kushotoni asimame Bi. Zuwena, Shahidi wa Kidarwe, mwenye sauti ndogo na kumbukumbu kubwa. Nyuma yao Fundi Mchenga, mlinzi wa bwawa la Kilimani. Na huko mbali, katika mtaa wa Bondeni ulio chini ya bwawa, katika safu ya wanawake, asimame Mwanatumu, binti pekee wa Katibu, mkunga. Mheshimiwa Waziri hana safu. Yeye husikika kwa simu.

*

Msidhani Bwana Ngwali alikuwa mpumbavu. Alipokuwa kijana, Wasumbe na Wadarwe walipigana kwa ajili ya kibao cha soko, lugha ipi iwe juu na ipi iwe chini. Wasumbe huandika kutoka kulia, Wadarwe huandika kutoka kushoto, na siku ile kila upande ulikwenda kukutana na mwenziwe katikati kwa mapanga. Ngwali alibeba majeneza mpaka bega likachubuka. Siku ya kumzika baba yake aliapa kwamba, akijaliwa uhai na madaraka, hapatakuwa na herufi itakayokaa juu ya herufi nyingine.

Akajaliwa vyote viwili. Zilipoingia kompyuta za kupakata, akaamuru kila kitufe cha kibodi kiwe na herufi mbili, ya kijani kwa Kisumbe na nyekundu kwa Kidarwe, zikae ubavu kwa ubavu kama wake wenza waliosuluhishwa. Watu wakashukuru. Kisha likaja lalamiko: ile alama ndogo pembeni mwa kioo, imwonyeshayo mwandishi ni lugha gani iliyo kazini, ilionekana imekaa kwenye Kidarwe siku nzima ya Idi. Bwana Ngwali akaiondoa alama. Likaja lalamiko la pili: mashine zikiwashwa huamkia Kisumbe. Akaamuru basi kila mashine, inapowashwa na kila inapokosewa, ipige kura kimoyomoyo, ichague lugha yenyewe, wala isimwambie mtu.

Mheshimiwa Waziri aliizindua sheria hiyo kwa hotuba iliyokumbukwa muda mrefu. "Kuanzia leo," alisema, "hakuna anayejua ni lugha gani inayotawala. Na kisichojulikana kuwa kinatawala, hakitawali. Tumemaliza."

Akapigiwa makofi mengi, kwa kuwa makofi hayana lugha.

Tangu hapo karani akiandika rambirambi, huvikodolea macho vidole vyake kwa kurasa mbili, na akiinua macho hukuta safu za herufi kama kokwa zilizomwagika. Hufuta, huanza tena, na mashine hupiga kura tena. Kwa hiyo watu, majumbani mwao, wakabuni hila: hubonya herufi moja pahala panapoonekana, huitazama ni ya rangi gani, huifuta, kisha ndipo huandika. Wakaiita hila hiyo kuonja. Bwana Ngwali alipopata khabari alifadhaika, maana herufi inayoonjwa mwanzo ni herufi iliyopendelewa, na mapendeleo ndiyo yaliyomuua baba yake. Akaandika kwa mkono wake Kifungu cha Kuonja: atakayeonja herufi katika ofisi ya umma, na adhibiwe.

Bwawa la Kilimani nalo halikusahauliwa. Zamani milango yake, ipelekayo maji ya mafuriko mtoni, mbali na Bondeni, ilifunguliwa kwa gurudumu la chuma, mtu akalisukuma kwa kifua. Gurudumu likang'olewa, kwa sababu lilizunguka kutoka kulia kwenda kushoto tu, kama mwandiko wa Kisumbe, na Wadarwe walikuwa wakiliona. Mahali pake ikawekwa kompyuta ya kupakata juu ya meza, na neno la siri ambalo nusu yake ya mwanzo ni ya Kisumbe na nusu ya mwisho ni ya Kidarwe. Katikati ya nusu hizo, lugha igeuzwe kwa kitufe maalumu, kibonywe na Mashahidi wawili kwa wakati mmoja, mbele ya Katibu. Atakayekosea mara tatu, mashine hufunga mpaka Baraza la Mizani likae.

*

Ikawa siku ya Ijumaa, katikati ya masika, mvua imenyesha tangu usiku na mchana umekuwa na rangi ya jivu. Bwana Ngwali na Mashahidi wake wakaletwa bwawani kwa gari la serikali. Walipoingia chumbani, Fundi Mchenga alikuwa dirishani, wala hakugeuka kuwasalimu.

"Katibu, maji yamepita mstari mweupe."

"Na mstari mwekundu, ule wa hatari?"

"Hakuna mwekundu. Mliufuta."

Bwana Ngwali akakumbuka. Nyekundu ilikuwa rangi ya Kidarwe, na hatari isingeweza kupewa upande mmoja. Akaketi mbele ya mashine, na kabla hajaiwasha simu yake ikalia kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekwisha toka Bondeni?"

"Sijatoka. Bishara ana uchungu tangu alfajiri, na mtoto keshatanguliza kichwa. Siwezi kumwambia arudi asubiri Mizani."

"Mchukueni kwa machela."

"Na nani? Wanaume wamekwenda kukaa barazani kungoja tangazo."

"Tangazo gani?"

"La kutuambia tuhame. Wanasema limeshaandikwa, sasa linafasiriwa." Nyuma yake Bwana Ngwali akasikia mwanamke akiugulia kwa meno. "Baba, maji yako uani. Hayana matope, ni safi kabisa, yameingia kwa adabu. Hayo ndiyo yanayonitisha."

"Nafungua milango sasa hivi," akasema Bwana Ngwali.

Akaiwasha mashine. Kioo kikang'aa, nayo mashine ikapiga kura yake kimoyomoyo. Palikuwa na masanduku mawili ya kuandikia: la juu la jina la mfunguaji, ambamo herufi huonekana, na la chini la neno la siri, ambamo kila herufi hugeuka nyota. Bwana Ngwali akapiga bismillahi, akaandika nusu ya mwanzo katika sanduku la chini. Nyota zikatokea moja moja, si za kijani wala nyekundu.

"Mashahidi, geuzeni."

Kitufe cha kugeuzia lugha kilikuwa na ukubwa wa kucha. Bi. Zuwena akanyoosha kidole. Bwana Shaweji akarudi nyuma.

"Bi. Zuwena si maharimu wangu, Katibu. Kidole changu na chake havitaenea pale bila kugusana."

"Na mimi sina hamu na kidole chako, Bwana Shaweji," Bi. Zuwena akasema. "Kifunge leso, tubonye. Watu wanataka kuzama."

Bwana Shaweji akatoa leso, akakizungushia kidole kama jeraha. Bi. Zuwena akaitazama.

"Leso hii ina taraza ya kijani pindoni."

"Ni taraza tu, bibi."

"Ni kijani. Siwezi kubonya chini ya bendera ya mtu. Igeuze."

"Katibu, umesikia? Leso ya marehemu mama yangu imekuwa bendera."

"Igeuze, Shaweji," Bwana Ngwali akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Leso ikageuzwa. Vidole viwili vikashuka, kimoja kitupu na kimoja kimevikwa, kila kimoja kikichunga kisitangulie. Vikasita juu ya kitufe kama ndege wawili juu ya punje moja, kisha vikabonya. Bwana Ngwali akaandika nusu ya mwisho, akathibitisha.

Mashine haikusema kitu, maana neno lingekuwa la lugha fulani. Ilionyesha picha ya kiganja kinachopunga, mara moja, taratibu, kama kinachomuaga mgeni.

"Imekataa," akasema Fundi Mchenga, ambaye sasa alikuwa amegeuka. "Mlianza kwa lugha isiyokuwa yake."

"Huenda. Au kitufe hakikushika," akasema Bi. Zuwena. "Vidole vyetu havikuwa sawa."

"Changu kilikuwa sawa," akasema Bwana Shaweji.

Hapakuwa na njia ya kujua, na mashine ilikuwa imekwisha piga kura mpya. Bwana Ngwali akaandika tena, nyota zikatokea tena, vidole vikashuka tena. Safari hii leso ilining'inia, na ncha yake ikakivuta kitufe cha jirani. Nyota moja ya ziada ikazaliwa kati ya nusu mbili, wote wakaiona, na wote wakainyamazia kwa kuwa aliyeiona kwanza angepaswa kusema ni ya upande gani. Bwana Ngwali akanyoosha kidole aifute. Kidole cha Bwana Shaweji, kilichokuwa bado kimevikwa, kikateleza kikaangukia kitufe cha kuthibitisha.

Kiganja kikapunga mara ya pili.

"Mara ya tatu hufunga," akasema Bi. Zuwena polepole. Hakuna aliyekuwa amesahau.

*

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa ni sauti ya Mheshimiwa Waziri, nayo ilijaa chumba kama moshi wa ubani.

"Ndugu wananchi."

"Tuko wanne tu, Mheshimiwa," akasema Bwana Ngwali.

"Ndugu wananchi wanne. Nimearifiwa kuwa mmejaribu mara mbili na mmeshindwa mara mbili. Napenda kuwapongeza, kwa sababu mmeshindwa kwa usawa. Sasa, msijaribu ya tatu. Mkikosea, mashine itafunga, na hiyo itakuwa aibu ya taifa. Baraza la Mizani litakaa baada ya sala ya Ijumaa, na baada ya chakula, litazame ni nani wa kuongozwa na nani."

"Mheshimiwa, maji hayatangoja chakula."

"Maji nayo yamo ndani ya mipaka ya nchi hii, Katibu. Yanapaswa kufuata utaratibu kama raia mwingine."

"Binti yangu yuko Bondeni."

Waziri akasema kwa upole mkubwa, "Kila mtu ana mtu Bondeni, Bwana Ngwali. Ndiyo maana tusipendelee." Simu ikakatwa.

Na ya kifuani ikalia. Safari hii Mwanatumu hakusalimia.

"Tumempandisha Bishara juu ya meza ya kulia. Maji yako kitandani. Mimi nimesimama, yamenifika kiunoni. Baba, milango?"

"Mwanangu, sukuma muda kidogo."

"Anayesukuma si mimi," akasema, na katika sauti yake palikuwa na kicheko kilichokosa mahali pa kutokea. "Mzee Kheri na mkewe nyumba ya pili hawaiti tena. Walikuwa wakiitana ukutani. Nimesikia ukuta ukianguka, kisha sikusikia kitu."

Hakukata simu. Aliiweka mahali, na Bwana Ngwali akasikia maji yakigonga mbao, na pumzi ya mwanamke, na binti yake akisema, "Haya, Bishara, haya mama, na Mungu, na mimi."

Bwana Ngwali akaitazama mikono yake juu ya zile herufi za rangi mbili. Alikuwa amezipanga ubavu kwa ubavu ili mtu asife tena kwa ajili yao. Akamkumbuka mwalimu wake chuoni, alipowafundisha hukumu za funga: ya kwamba mwanamke mwenye bwana mkali, akipika mchana wa Ramadhani, ameruhusiwa aonje chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, kisha ateme, na funga yake ni njema. Dharura, mwalimu alisema, huingia na ufunguo wake yenyewe. Ngwali alikuwa mtoto pekee aliyeuliza: na kama bwana si mkali? Mwalimu akamjibu kwamba mabwana wote ni wakali, mwanangu, andika.

"Mashahidi," akasema, "nataka kuonja."

Bwana Shaweji akaifungua leso kidoleni, akaikunjua yote, akajifunika uso. "Mimi sioni kitu," akasema ndani ya leso. "Nasema mapema kuwa sioni kitu." Bi. Zuwena alisimama kitambo, kisha akaugeukia ukuta, akaanza kusoma nyufa zake.

Bwana Ngwali akaweka kidole katika sanduku la juu, lile la jina, na kubonya kitufe kimoja. Herufi ikatokea nyekundu. Kidarwe. Kilikuwa kitu kidogo sana, kimekaa peke yake kwenye kioo cheupe, na hakikuwa na ubaya wowote. Akaifuta. Akakibonya kile kitufe cha kugeuzia kwa kidole chake mwenyewe, kimoja, bila shahidi. Akaandika nusu ya Kisumbe. Akakibonya tena. Akaandika nusu ya Kidarwe. Kabla ya kuthibitisha alisema neno ambalo hakuna mja aliyelisikia, na Yule aliyelisikia amelipokea.

Kiganja hakikutokea. Chini ya miguu yao sakafu ikatetemeka, kisha ikanguruma, na Fundi Mchenga akauegemeza uso wake kwenye dirisha.

"Yanakwenda mtoni," akasema. "Yanauacha mtaa. Yanakwenda mtoni." Akalia bila kujificha.

Simu ilikuwa bado wazi. Kwa muda Bwana Ngwali hakusikia ila maji. Kisha akasikia sauti nyembamba, kali, yenye hasira, isiyokuwa ya Kisumbe wala ya Kidarwe.

*

Waliokufa Bondeni walikuwa Mzee Kheri na mkewe, na wazee wengine waliokuwa barazani wakingoja tangazo, Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangazo lenyewe lilitoka Jumamosi, katika lugha zote mbili, maneno yake yamelingana kwa idadi, likiwasihi wakazi wahame upesi.

Kesi ilisikilizwa bila kuchelewa. Haikuwa ya mafuriko, maana mafuriko hayakuwa na mshitakiwa. Bwana Shaweji aliyekuwa amejifunika leso, na Bi. Zuwena aliyekuwa ameuelekea ukuta, wote wawili waliapa kuwa waliona vizuri sana. Waliulizwa herufi iliyoonjwa ilikuwa na rangi gani. Bwana Shaweji akasema ilikuwa nyekundu, na kwamba Katibu, Msumbe mwenziwe, aliipendelea kwa usaliti; Bi. Zuwena akasema ilikuwa nyekundu, na ilifutwa kwa dharau. Hakimu akawasifu kwa kuwiana.

"Una la kusema, mshitakiwa?"

"Nilikiandika kifungu hicho mimi," akasema Bwana Ngwali. "Nilikusudia kheri."

"Mahakama inalitambua hilo, na kwa hiyo haitakutia gerezani. Mahakama inaamuru jina lako lisiandikwe tena kwa lugha yoyote kati ya mbili. Lifutwe mlangoni, lifutwe mshaharani, lisichongwe kaburini siku itakapofika. Kinywani mahakama haina mamlaka."

Kisha Baraza la Mizani likakaa, likala, likapitisha mageuzi makubwa: kitufe cha kugeuzia lugha kikafanywa kipana cha kuenea vidole viwili, na kati yake kikawekwa kipazia kidogo cha kitambaa cheupe. Bwawa likapewa nishani.

Bwana Ngwali akahamia Bondeni kwa binti yake, katika nyumba ambayo ukuta wake una mstari wa maji sawa na kifua. Mwanatumu hakumsifu wala hakumlaumu. Jioni moja tu, akipepeta mchele, alimwambia, "Baba, kifungu kile ukikiandika, ulinifikiria mimi?"

"Nilimfikiria babu yako."

"Basi," akasema, akaendelea kupepeta.

Bishara alipokwenda kuandikisha mwanawe, karani alimuuliza jina. Akasema, Ngwali. Karani akaiweka mikono juu ya kibodi, akaiondoa. "Jina hilo, mama, limekatazwa. Mchagulie jingine."

"Mtoto huyu ana jina."

"Sina la kubonya."

"Basi usibonye," akasema Bishara, akamfunga mtoto mgongoni, akarudi zake Bondeni.

Mahali pa jina lake daftarini pakaachwa wazi mpaka leo. Mtoto amekua, amejua kukimbia, na ni mtundu, hupenda kuchezea mifereji. Jua likikaribia kuchwa, Bishara husimama mlangoni, akiita kwa Kidarwe chake cha vilimani: "Ngwali, wewe Ngwali, njoo ule." Na mtaani hugeuka watu wawili: mtoto mwenye matope magotini, na mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekaa kibarazani na tasbihi, ambaye kwa kitambo hudhani ni yeye aliyeitwa, akainuka nusu, kisha akaketi.

Bishara naye, kwa kuwa ni mwanamke wa adabu, huongeza sahani ya pili.

Tukomee hapo, na tuwaombee waliobaki:

Ya Rabi walobakia, wape nyoyo za imani,
Na maji yakiwajia, wasingojee idhini,
Ndimi ulowajalia, zisiwe kamba shingoni,
Wa juu na wa bondeni, Rabi wape kutulia.

Amina.